Miaka Yangu ya Kumbeba Lusajo, na Begi Lililonistaafisha

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka kumi na saba. Hakuna aliyenifanyia sherehe, wala sikupewa saa ya ukutani kama wanavyopewa wazee wa serikalini. Nimetuliwa mzigo tu, nikaambiwa nenda shule. Lakini Bupe, binti wa baba mdogo, ndiyo kwanza amekabidhiwa mdogo wake mchanga ambebe, na kabla sijaondoka aliniuliza, "Dada Sekela, ulikuwa unafanyaje mgongo usiume?" Nilishindwa kumjibu. Mimi kwa mdomo sifai. Mtu akinitazama, maneno yananikimbia. Kwa hiyo naandika hapa hosteli, na nitampa mtu wa kumpelekea.

Jibu la kwanza, Bupe: mgongo unauma. Tuendelee.

Habari za mshahara sitazigusa kwa sababu haukuwepo. Cheo nacho sikupanda. Aliyekuwa anapanda kila asubuhi ni Lusajo.

Lusajo ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alizaliwa nikiwa bado shule ya msingi. Mama alijifungua kwa kupasuliwa, kidonda kikamsumbua muda mrefu, na daktari akamwambia kubeba mizigo basi. Bibi, mama yake baba, mgongo wake ulikuwa umeshastaafu kabla mimi sijazaliwa. Kaka zangu wawili ni wanaume, na kwetu Ndandalo mwanamume hafungi mtoto mgongoni. Ukiwatoa hao wote nyumbani, ninabaki mimi na mbuzi.

Siku ya kwanza kazini Bibi ndiye aliyenifundisha, uani, na mama akitutazama dirishani kutoka kitandani kwake.

"Inama," Bibi akasema.

Nikainama.

"Zaidi. Unaogopa nini, ardhi haikuli."

Akamlaza mtoto mgongoni kwangu, akamkalisha miguu ikinikumbatia kiunoni kama chura. Akaniambia kitenge kianzie chini ya makalio ya mtoto, kipite chini ya mapaja yake, ndipo kipande mgongoni. Ukianzia juu, anateremka kidogo kidogo mpaka unamkuta kwenye magoti.

"Sasa kaza."

"Atashindwa kupumua, Bibi."

"Atakayeshindwa kupumua ni wewe. Kaza! Ukimfunga kwa huruma utamwokota chini."

Alisema kweli. Mtoto aliyefungwa vizuri analala, na aliyefungwa kwa huruma anahangaika, na wewe unahangaika naye. Fundo likae juu ya matiti, lisikae kwenye matiti. Hilo Bibi hakuniambia, akaniacha nijifunze mwenyewe.

Kuhusu vifaa. Khanga inafaa kwa mtoto mchanga, lakini akishaanza kuota meno inakuwa nyepesi, inajikunja na kuwa kamba, na kamba inakukata. Kitenge ndicho. Kile kipya kinachotoka Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, kina wanga, kinateleza, kinapiga kelele kama karatasi. Kifue mpaka kisahau duka. Kitenge kizuri cha kubebea mtoto ni kile ambacho mama yako anaona haya kwenda nacho kanisani.

Wakati wa masika Kyela maji hayachagui njia wala shamba. Kitenge kilicholowa kinachubua, kwa hiyo nilikuwa nabeba cha pili ndani ya mfuko wa nailoni. Na mtoto aliyelala ni mzito kuliko aliye macho. Sijui kwa nini. Niliuliza kwenye fizikia, mwalimu akacheka, nikakaa chini na sijauliza tena swali lolote.

Mwaka wa kwanza na wa pili haikuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuja wakati watoto aliozaliwa nao walipoanza kukimbia na kuiba ndizi mbivu, na Lusajo amekaa. Alikuwa anaongea, anacheka, anatukana kwa Kinyakyusa maneno aliyojifunza kwa kaka zangu, lakini miguu haikuwa na nguvu. Tukaambiwa tumpeleke kliniki ya mazoezi upande wa Matema, kila mwezi, na nyumbani tumnyooshe miguu asubuhi na jioni. Atatembea, wakatuambia, ila itachukua muda, msichoke.

Msichoke. Maneno hayo huwa wanaambiwa wote, lakini anayeyabeba ni mmoja.

Nilikuwa namwacha kwa Bibi nikienda shule, wanakaa wote wawili kwenye mkeka. Nikirudi namkuta ananisubiri na mikono juu. Kuanzia hapo mpaka giza yuko mgongoni: kisimani, shambani kwa mama, kwenye mashine ya kukoboa. Siku ya kliniki shule nilikuwa naikosa. Akafika umri ambao kitenge kilimshinda. Magoti yake yalikuwa yananichoma mbavuni, kichwa chake kimefika kisogoni kwangu, na fundo lilikuwa linafunguka lenyewe kwa uzito.

Mama akamwendea fundi cherehani wa Ipyana. Siku hizo mitumba ilikuwa imejaa, tangu biashara iwe ruksa kila mtu ana suruali ya jinzi, hata wasiokuwa na shati. Fundi akakata suruali moja kubwa, akashona mfuko wenye matundu mawili ya miguu na mikanda ya mabegani. Ulikuwa unapendeza sana. Mfuko wa nyuma wa suruali aliuacha makusudi, eti niweke leso. Nikaona haya kuuvaa, lakini niliuvaa.

Kule kliniki, sista mmoja wa mazoezi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, akaniita mbele za watu.

"We binti, njoo. Mtoto huyu umembeba au umemwanika?"

Akinamama wote wakageuka. Nikatazama chini.

"Mtazameni. Ananing'inia kwenye msamba kama suruali kwenye kamba. Mapaja hayana kitu cha kuyashika. Mshike mguu."

Nikaushika. Ulikuwa wa baridi, na ndani ya paja mshono ulikuwa umemwandika mstari mwekundu. Lusajo mwenyewe hakulalamika, alikuwa anakula karanga.

"Mapaja yakalie kitu," sista akasema, sasa kwa upole. "Magoti yawe juu kidogo ya makalio, miguu itanuke. Kama kwenye kitenge cha bibi yako. Chochote utakachonunua, kiangalie hapo kwanza. Urembo baadaye."

Hilo, Bupe, ndilo neno moja la kitaalamu nililolipata katika kazi yangu yote. Jinzi tulimrudishia fundi akashonee viraka, nikarudi kwenye kitenge.

Nilipokuwa kidato cha pili, mkuu wa shule akatangaza kwamba kuanzia kidato cha tatu wasichana wote watalala hosteli, kwa sababu ya mito kufurika na mambo mengine ambayo hakuyataja lakini sote tuliyajua. Asiyeweza kulala hosteli ampishe mwingine. Nilifika nyumbani nikamwambia mama nikiwa nimempa mgongo, ili nisimwone uso.

Jioni tulipokuwa tunakula, mama akauliza, "Sasa nani atambeba Lusajo?"

Kaka Gwamaka akaongeza mboga. Mama akamtazama baba.

"Mnanitazama mimi?" baba akasema. "Nijifunge kitenge, nipite nacho pale kwenye mizani ya kakao? Wataniuliza nimeanza kunyonyesha lini."

Kaka zangu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, halafu nikaenda nje kulia. Baba yangu si mtu mbaya. Alikuwa anampenda Lusajo mpaka anamtafunia nyama. Lakini kitenge ni kitenge.

Mama akaamua kwamba kitafutwe kitu ambacho yeye mwenyewe ataweza kumbebea, kisichobana tumbo. Basi tukaenda Kyela mjini kwa Bi Mwana. Huyu ni mama wa Kiislamu, wazazi wake walitoka pwani zamani, ana meza ya mitumba karibu na soko. Vitu vya watoto vya Wazungu vyote vinaishia kwake, hata visivyojulikana kazi yake. Mama alimsalimia kwa Kinyakyusa na yeye akajibu kwa Kinyakyusa safi kuliko changu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nani kasema? Mbona sioni mdomo ukitikisika? Sogea mwanangu, usiniogope, mimi si mwalimu."

Akatutolea mawili. La kwanza jekundu, laini, la kuvaliwa mbele kifuani.

"Mtoto tumboni?" mama akashangaa. "Nilishamtoa huko."

"Wazungu wanawabeba mbele ili wawaone."

"Sisi tunawasikia."

"Haya, la mbele halina mnunuzi hapa, nitalifanya pochi." Akaliweka kando, akanyanyua la pili. Begi la bluu, lina fremu ya bomba jepesi kama la kiti cha kukunja, kiti cha kitambaa ndani, mikanda minene ya mabegani, na mkanda mpana wa kiunoni. Nikakumbuka neno la sista. Nikaingiza mkono ndani kupapasa, na kweli kiti kilikuwa kipana, mapaja yangekaa.

"Usinunue tupu," Bi Mwana akasema. "Tia mchele kwanza, mtoto baadaye. Mchele ukikosea haulii." Akamwita jirani yake, akaazima mfuko wa mchele, wakautumbukiza kwenye kiti, wakamvika mama. Mama akatembea mpaka mwisho wa meza na kurudi. Akatabasamu. Sikuwa nimemwona akibeba kitu tangu Lusajo azaliwe.

"Haligusi tumbo," akasema.

Na kweli halikugusa, kwa sababu pale mezani mkanda wa kiunoni hatukuufunga. Hatukujua kazi yake. Mama alidhani ni wa kufungia begi likiwa limekunjwa, na mimi nilidhani hivyohivyo, na Bi Mwana alisema ni urembo. Tulifika nyumbani, tukamtia Lusajo badala ya mchele. Mchele unatulia. Lusajo akaruka kwa furaha, begi likamvuta mama nyuma, akapepesuka. Ndipo Gwamaka akasema mkanda huo utakuwa na kazi, akaufunga, akaukaza. Ukakaa sawasawa juu ya mshono wa mama. Uso wake ukabadilika rangi. Tulimvua haraka, akakaa kwenye kinu akiwa ameinama.

"Labda nikizoea," akasema baadaye.

"Hutazoea," Bibi akamwambia. "Vaa wewe Sekela."

Nikalivaa. Nilifikiri shule ndiyo basi.

Sasa niseme ukweli kuhusu begi la bluu, maana wanaolisifu ni watu wasiolibeba. Mtoto anakaa vizuri, hilo sipingi. Lakini anakaa juu. Kwenye kitenge kichwa cha mtoto kiko chini ya kisogo chako, kwa hiyo kichwani unabeba ndoo bila wasiwasi. Kwenye begi la fremu uso wake uko sawa na ndoo yako. Siku ya kwanza nilitoka kisimani na ndoo imejaa, nasikia maji yanapungua, nasikia mtu anachekelea, shingo imelowa. Lusajo alikuwa ananawa. Siku ya pili nilibeba mkungu wa ndizi mbivu, nikafika nyumbani na mkungu wenye upara upande mmoja. Waliotengeneza begi hilo nadhani kwao hakuna anayebeba kitu kichwani. Chini ya mikakao pia lazima uiname kwa ajili ya wawili, matawi yanampiga yeye usoni wewe ukiwa umeshapita.

Na njiani kuna wavulana wa shule.

"Oyaa, Sekela kapandisha antena!"

"Inashika stesheni gani?"

"Inashika Malawi!"

Lusajo alikuwa anawapungia mkono. Mimi nilitamani ardhi inimeze, pamoja na fremu.

Mtihani wa kidato cha pili nilifanya huku mabega yamechubuka. Nilifaulu. Hapo ndipo uchovu uliponishika hasa, kwa sababu kama ningefeli kusingekuwa na mjadala. Bupe, usidhani uchovu ni wa mgongo peke yake. Kuna ule wa kusubiri watu waamue habari zako huku wewe unaosha vyombo.

Jumamosi moja nilirudi kisimani, Lusajo akiwa begini, ndoo nimeishika mkononi. Baba alikuwa barazani anatengeneza bomba lake la dawa, lile la mgongoni la kupulizia kakao, maana mvua zilikuwa zinakaribia na ugonjwa wa matunda meusi ulikuwa umeanza. Akaniona ninavyoinama.

"Mbona unatembea kama unatafuta sindano?"

"Mabega, baba."

"Lete."

Alimtoa Lusajo, akaligeuza begi, akavuta mikanda. Akatikisa kichwa. "Limekaa makalioni. Bomba likikaa hivi linakuvuta nyuma kutwa nzima. Uzito unatakiwa ukalie mfupa wa nyonga. Mabega ni ya kuongoza tu." Akakata kipande cha godoro kuukuu, akakishonea chini ya mikanda kama alivyofanya kwenye bomba lake. Akapandisha vifungo. Halafu, kama anavyofanya na bomba siku zote, akalitia mgongoni mwake mwenyewe ili apime, akafunga mkanda wa kiunoni.

"Mtie."

"Nani?"

"Mtoto. Bomba halipimwi likiwa tupu."

Nikamnyanyua Lusajo, nikamtia. Mama alitokea mlango wa jikoni, akaziba mdomo kwa khanga. Bibi aliacha kupepeta. Tulijua neno moja tu lingetosha kumkumbusha kilicho mgongoni kwake.

Baba akaruka kidogo, akasikiliza mikanda. Lusajo akamshika masikio yote mawili.

"Twende," Lusajo akasema.

"Nakwenda kutazama mikakao," baba akasema, si kwa mtu yeyote, akaondoka.

Nikamfuata kwa mbali. Alikuwa anatembea kama mtu anayepeleka bomba shambani, magoti yamelegea, hana haraka. Kwenye mgomba wa mpakani akakutana na Mzee Asajile, jirani yetu, mtu ambaye akikuchekea leo, Ndandalo nzima itacheka kesho. Nikasimama. Nilikuwa naona shule yangu yote imesimama pale kati ya wanaume wawili.

"Ugonile, Baba Gwamaka," Mzee Asajile akasema, akamtazama juu mpaka chini. "Leo unapuliza dawa gani?"

Nikaona mkono wa baba unashuka kwenye kifungo cha kiunoni.

"Hili halipulizi," akasema. "Linakojoa."

Mzee Asajile alicheka mpaka akaegemea jembe. Halafu akazunguka nyuma, akavuta mkanda kwa kidole, akagonga fremu.

"Kumbe mkoba."

"Mkoba."

"Mimi nikadhani mbeleko."

"Mbeleko umeiona wapi? Unaona kitenge hapa?"

"Hakuna," Mzee Asajile akakubali. "Mkanda imara huu. Yanauzwa wapi?"

Mkono wa baba ukaachia kifungo, ukashika mkanda wa begani. Wakaendelea kuongea habari za kakao na wanunuzi wapya, na Lusajo huko juu anachana majani ya mgomba na kumwekea Mzee Asajile kofiani. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama. Mama akaniongezea chai.

Ndivyo nilivyopata mrithi. Kliniki iliyofuata alimpeleka yeye, mimi nikafuata nyuma kama fundi anayekabidhi mashine. Mwanamume alikuwa peke yake kwenye benchi lile. Alikaa pembeni kabisa, anatazama ukuta. "Baba, sogea," mama mmoja akamwambia, "sisi hatung'ati." Sista akapapasa mapaja ya Lusajo, akatazama magoti, akasema vizuri, endeleeni. Baba akashukuru, "ndaga," kwa sauti ndogo kama ya kwangu. Nikajua nilikoitoa.

Nisikudanganye, Bupe, hajawa mtu mwingine. Siku kifungo cha begi kilipokatika alikaa nyumbani na mtoto mpaka kikashonwa. Kitenge hakugusa, na sidhani atakigusa. Kwa hiyo siku ukichagua begi, angalia mapaja, angalia mfupa wa nyonga, tia mchele, jaribu na mkanda umefungwa. Lakini uliza pia ni nani mwingine nyumbani atakubali kulivaa. Mimi nilichagua mapaja tu, hilo la mwisho lilitokea lenyewe. Na usikubali kusifiwa kwamba una nguvu. Sifa hiyo ndiyo wanayokuongezea mzigo nayo.

Siku ya kuondoka walinisindikiza mpaka barabarani, Lusajo mgongoni kwa baba. Niliogopa sana kwamba atanililia. Nilikuwa nimejiandaa maneno ya kumbembeleza. Gari likasimama, nikapanda, nikageuka. Alikuwa anamchezea baba nywele, anamwonyesha ng'ombe. Mama akamwambia, "Mpungie dada." Akapunga, akarudi kwa ng'ombe wake. Nilitaka alie. Kidogo tu.

Hapa hosteli tunapanga mstari wa maji asubuhi. Jana msichana aliyekuwa nyuma yangu, wa kutoka Ipyana, akanigusa bega.

"We, mbona unayumba? Unambembeleza nani?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimeinama kidogo, natikisa kiuno, kulia, kushoto, kulia. Nikamwambia simbembelezi mtu. Nikasimama wima, nikabana miguu. Mstari ulikuwa mrefu, na kabla sijafika bombani nilikuwa nimeanza tena.